Kwa nini nazima makontena kabla ya kunakili data

Seva ya ofisi yetu ni mashine moja tu. Imekaa stoo, ina UPS yake na feni inayolalamika mchana kutwa. Ndani kuna Docker, inayoendesha kila programu ndani ya boksi lake liitwalo kontena, na juu ya Docker kuna Nextcloud, ambayo ndiyo kabati letu la nyaraka: fomu za wanachama zilizoskaniwa, mikataba ya mikopo, mihtasari ya vikao. Nextcloud inategemea PostgreSQL (kwa kifupi Postgres), kanzidata inayotunza kumbukumbu zake, pembeni kuna Redis, ya kumbukumbu za muda, halafu kuna kontena dogo linaloendesha kazi za ratiba. Sisi ni chama cha akiba na mikopo, tuko Tanga, wala si wakubwa. Ila mwanachama akija kuulizia hati ya kiwanja aliyoweka dhamana, nakala yake imo humo, kwa hiyo data ikipotea hakuna wa kumwambia asubiri.

Nilipokabidhiwa seva hiyo nilikuta bakapu ipo. Kila usiku skripti ilikuwa inafunga folda nzima ya `/var/lib/docker/volumes`, zinakokaa volyumu, yaani folda za data za makontena, ndani ya faili moja la tar huku makontena yakiendelea na kazi kama kawaida. Mafaili yamepangana kwa tarehe, kila moja lina uzito wa kuridhisha. Nikachukua moja, nikalifungua kwenye laptopu yangu, nikawasha. Postgres ikaandika `PANIC: could not locate a valid checkpoint record`, ikazimika. Nikajaribu la usiku mwingine, hilo likawaka bila shida. Ningejaribu hilo la pili peke yake, ningelala usingizi mnono.

Sababu yake si ya kimiujiza. Tar inasoma faili moja baada ya jingine, na inapofika mwisho wa folda, yale iliyoyasoma mwanzo yameshabadilika. Postgres huandika kila badiliko kwanza kwenye WAL, daftari lake la mabadiliko, kisha baadaye kwenye kurasa za data zenyewe, na ina kafaili kaitwako `pg_control` kanakosema kituo cha mwisho salama kiko wapi kwenye WAL. Tar ikinakili `pg_control` mapema, ikaja kufika kwenye folda ya `pg_wal` wakati kipande cha WAL chenye kituo hicho kimeshatumika upya, unabaki na anwani ya nyumba iliyobomolewa. Waandishi wa Postgres wenyewe wanasema wazi kwenye mwongozo wao: ukinakili folda ya data kwa mtindo huo, kanzidata lazima iwe imezimwa.

Rafiki yangu mmoja aliniambia, "Kaka, kwani pg_dump imefanya nini?" Haijafanya kitu, na naitumia hadi leo. Inatoa nakala iliyokamilika ya kanzidata (dump) bila kumsumbua mtu. Tatizo ni kwamba Nextcloud haikai kwenye kanzidata peke yake. Hati yenyewe ni faili kwenye folda ya data, na habari zake, yaani jina, mwenyewe na nani ameshirikishwa, ziko kwenye majedwali, kuanzia `oc_filecache`. Ukitoa dump sasa na mafaili ukayanakili baada ya nusu saa, kilichopakiwa katikati kitakuwa diskini lakini hakina mstari kwenye majedwali, na kilichofutwa katikati kitakuwa na mstari usio na faili. Amri ya Nextcloud, `occ files:scan`, inaokota mafaili yatima, ni kweli, lakini haiwezi kukumbuka kwamba mkataba fulani ulishirikishwa na mkaguzi. Nilitaka pande zote mbili ziwe za dakika ileile. Njia rahisi kuliko zote ya kupata hilo ni kuzima kila kitu. Hatuuzi tiketi za ndege. Saa nane usiku hakuna mtu anayetafuta fomu.

Hiyo saa nane nayo ina mambo yake. Seva inahesabu kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo saa nane yetu ya usiku kwake ni 23:00, tena ya jana. Kwenye crontab, orodha ya kazi za ratiba za seva, nimeandika `0 23 * * *`, na jina la nakala linabeba tarehe ya siku iliyopita. Ukiwa unatafuta nakala ya usiku wa kuamkia Jumatano, itafute Jumanne. Nimeiandika kwa herufi kubwa juu ya skripti, maana atakayekuja baada yangu atapoteza asubuhi nzima hapo.

Sasa kuzima kwenyewe. Kunakili ni amri moja. Kazi iko kwenye kuzima, kwa sababu kontena linaweza kuzimwa kwa adabu au likauawa, na kwa nje yote mawili yanafanana. Ukisema `docker compose stop`, Docker inapeleka ishara ya kuomba programu ijifunge, inasubiri sekunde 10, na isipojibu inaipiga SIGKILL, ishara ya kuua papo hapo. Kanzidata iliyouawa hivyo itajirekebisha ikiwashwa, ndiyo, lakini mimi sitaki nakala ambayo kazi yake ya kwanza ni kujitibu.

Postgres hapa ina tabia yake. Ikipokea SIGTERM, ishara ya kawaida ya kuomba ijifunge, inakataa wageni wapya lakini inawasubiri waliomo waondoke wenyewe. Kama kuna muunganisho umeachwa wazi, sekunde 10 zinaisha ikiwa bado inasubiri. Imeji rasmi ya Postgres, yaani kifurushi ambacho kontena linatengenezwa nacho, imeliona hilo, imewekwa itumiwe SIGINT, ambayo inakata miunganisho yote na kufunga mahesabu. Hata hivyo niliongeza `stop_grace_period: 2m` kwenye huduma ya kanzidata, kwa sababu siku diski ina mzigo, kuandika yaliyobaki kwenye memori kunaweza kuzidi hizo sekunde.

Kontena la ratiba ndilo lililonisumbua. Kila nikilizima linachukua sekunde 10 kamili, na `docker inspect` inaonyesha limetoka na namba 137, yaani 128 ukijumlisha 9, na 9 ndiyo SIGKILL. Lilikuwa linaanzishwa na skripti ya shell iliyotengenezwa hapahapa ofisini, na shell ikiwa ndiyo mchakato namba 1 ndani ya kontena haimpi mtoto wake ile ishara. Nikaweka neno `exec` mbele ya amri ya mwisho ya skripti, ili programu yenyewe ichukue nafasi ya shell. Tangu hapo linazimika mara moja, linatoka na 0.

Mpangilio ukawa huu. Kwanza naiweka Nextcloud kwenye hali ya matengenezo kwa `occ maintenance:mode --on`, ili kompyuta zilizoachwa zinasawazisha usiku zijibiwe vizuri kwamba zisubiri. Kisha `docker compose stop`; Compose, sehemu ya Docker inayosimamia makontena kwa pamoja, inafuata `depends_on` (orodha ya nani anamtegemea nani) kinyumenyume, kwa hiyo Nextcloud inatangulia na kanzidata inafunga mlango. Baada ya hapo skripti haiamini. Inawasha kontena la muda la imeji ileile ya Postgres, inaliunganishia volyumu kwa kusoma tu, inaendesha `pg_controldata`, inayosoma `pg_control`, na kutafuta mstari huu:

`Database cluster state: shut down`

Ikikuta `in production`, yaani haikufungwa vizuri, inawasha huduma zote, inanitumia ujumbe, na usiku huo hakuna nakala ya volyumu. Ile dump ya pg_dump niliyoitoa robo saa kabla inabaki kama akiba.

Mwanzoni nilikuwa nanakili huku makontena yamezimwa muda wote, na mafaili yalipoongezeka zoezi lilipita saa nzima. Hakuna aliyelalamika mpaka mwisho wa mwezi. Simu ikalia usiku wa manane, mama mhasibu.

"Mwanangu, nyaraka zimekufa?"

"Shikamoo mama. Hazijafa, zinanakiliwa. Nipe kama nusu saa hivi."

"Marahaba. Nusu saa gani, nina mizania hapa na kesho bodi inakaa!"

Alikuwa na haki. Chama kinafanya kazi usiku siku zile ambazo kazi ni nyingi, na hizo ndizo siku ambazo data ina thamani zaidi, huwezi kusema tuache bakapu.

Kuna njia ya kunakili mara mbili kwa rsync, programu ya kunakili mafaili: mara ya kwanza huduma zikiwa hewani, mara ya pili zikiwa zimezimwa, ili ya pili ibebe tofauti tu. Inafanya kazi, ila kwa Postgres ile ya pili lazima iwe na `--checksum`, kwa sababu rsync ikilinganisha kwa ukubwa na muda tu inaweza kupitwa na badiliko lililofanyika ndani ya sekunde ileile. Na `--checksum` inasoma kila baiti pande zote mbili. Tungerudi kwenye kusubiri kulekule.

Kilichotuokoa ni kwamba `/var/lib/docker` iko kwenye LVM, mfumo wa kugawa diski, na kikundi cha diski kilikuwa na nafasi ya ziada. Sasa nazima, nahakikisha, napiga picha ya diski (snapshot, inayogandisha data ilivyo dakika hiyo) kwa `lvcreate -s`, nawasha, naondoa hali ya matengenezo. Picha inachukua sekunde chache. Muda mwingi unaliwa na kuzima na kuwasha. Yote kwa pamoja hayamalizi dakika tatu. Kunakili kwenyewe kunafanyika baadaye, taratibu, kutoka kwenye ile picha, wakati mama mhasibu anaendelea na mizania yake. Diski yetu inatumia mfumo wa mafaili wa XFS, kwa hiyo kuipachika picha kunahitaji `-o ro,nouuid`, la sivyo inakataa kwa kuwa utambulisho wake unafanana na wa diski mama. Na usiipe picha nafasi ndogo mno: mabadiliko yakiijaza inakuwa batili, na kilichokuwa kinanakiliwa hakifai tena.

Kuna mambo mawili ya kuwasha ambayo nisingeyaacha. La kwanza, skripti ina `trap` inayowasha makontena hata ikifia katikati kwa kosa lolote. La pili ni umeme. UPS yetu inastahimili dakika chache, na trap haina msaada mashine ikizimika. Makontena yangu yana `restart: unless-stopped`, maana yake likiwa lilizimwa kwa amri kabla ya mashine kulala, halitajiwasha mashine ikiamka. Ningeweza kutumia `always` na lingejiwasha. Nimelikataa kwa makusudi. Nimeweka huduma ya systemd inayoamka na mashine, inaangalia kama kuna picha ya LVM iliyoachwa njiani, inaifuta, ndipo inawasha kila kitu.

Nakala zinakwenda kwa restic, programu ya bakapu, kwenye diski ya nje na kwenye seva ya tawi jingine. Restic inapeleka vipande vipya tu, na kwa bando letu hilo ni jambo kubwa. Ndiyo maana naielekeza moja kwa moja kwenye folda badala ya kufunga tar.gz kwanza, kwani ukishabana hivyo kila usiku unaonekana mpya kabisa. Kila kitu kinasimbwa kwa nywila, na nywila ikipotea hakuna wa kukufungulia, kwa hiyo iko kwenye karatasi ndani ya sefu ya meneja. Pamoja na volyumu nanakili `compose.yaml` na `.env`, mafaili ya mipangilio ya makontena. Bila hayo hujui data ilikuwa inasomwa na toleo gani, na folda ya Postgres 16 haifunguliwi na 17. Anayeandika `latest` kwenye kanzidata badala ya namba ya toleo anajitafutia kesi. Vivyo hivyo kuhama kati ya imeji ya Debian na ya Alpine, ambayo ni mifumo miwili ya Linux: kwenye Debian mwenye mafaili ya Postgres ni mtumiaji namba 999, kwenye Alpine ni 70, na hata ukirekebisha umiliki, jinsi mifumo hiyo miwili inavyopanga maneno kwa alfabeti inatofautiana, na faharasa za kanzidata zinaweza kuharibika kimyakimya.

Kurejesha nakujaribu kwenye laptopu ya zamani, mradi nikiuita `jaribio`. Docker inazipa volyumu jina linaloanza na hilo, kwa hiyo hakuna kinachogusana. Narejesha nikiwa root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, ili namba za umiliki zibaki zilivyo, nawasha kanzidata kwanza, kisha naendesha pg_dump na kuyatupa matokeo kwenye `/dev/null`. Dump hiyo siihitaji. Nataka Postgres ilazimike kusoma kila jedwali, na kama kuna ukurasa mbovu ilie. Kisha Nextcloud. Inaamka ikiwa kwenye hali ya matengenezo, kwa sababu ndivyo ilivyonakiliwa, na naona hiyo ni baraka: hakuna anayeingia kabla sijaruhusu. Kontena la ratiba siliwashi kabisa kwenye jaribio. Ndilo linalotuma barua pepe, na sitaki mwanachama akumbushwe mkopo wake na laptopu iliyoko juu ya kabati langu.

Siku ya kurejesha kweli, si ya jaribio, inaongezeka amri moja: `occ maintenance:data-fingerprint`. Kompyuta za ofisini zinasawazisha folda zao na seva. Seva ikirudi na data ya jana usiku, kompyuta iliyo na faili la leo asubuhi inaona seva haina faili hilo, inahitimisha kuwa limefutwa, nayo inalifuta. Amri hiyo inazijulisha kwamba seva imetoka kwenye bakapu, na hapo zinabakiza za kwao. Inaendeshwa kabla ya kuondoa hali ya matengenezo.