Siku Tatu za Kusoma Bustani za Nairobi

Niliingia Nairobi kwa basi la kutoka Arusha jioni moja ya mwezi Oktoba, wakati mijakaranda imechanua na maua yake ya zambarau yametapakaa barabarani hadi magari yanayaponda. Nia yangu ilikuwa kuzitembelea kwa miguu bustani za mji huo, nikianza na zile kongwe. Nimefundisha somo la kilimo kwa miaka mingi, na miaka yote hiyo nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba kila mti hupandwa kwa sababu, lakini sikuwahi kujiuliza ni nani aliyepanda miti ya bustani za mjini na alikuwa akitafuta nini.

Nilianza na Bustani ya Jeevanjee, iliyo katikati ya mji, ambayo ukubwa wake hauzidi sana shamba la mkulima wa kawaida wa kwetu. Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara mzaliwa wa Karachi aliyetajirika kwa zabuni za Reli ya Uganda, zikiwemo zile za kuleta vibarua kutoka India, ndiye aliyeitoa iwe ya watu wote, akaipamba kwa sanamu ya Malkia Victoria iliyozinduliwa mwaka 1906. Nilikaa kwenye benchi nikitafakari zawadi hiyo. Wahindi wa wakati ule walikuwa wakinyimwa ardhi ya nyanda za juu, iliyotengewa walowezi wa Kizungu, na hapa Mhindi mmoja anaupa mji bustani ya mtindo wa Kiingereza, yenye nyasi za kukatwa na malkia wa Kiingereza juu ya jiwe. Mimi naona palikuwa na hesabu ndani ya ukarimu ule, na simlaumu. Sanamu ile ilivunjwa na kuangushwa mwaka 2015. Bustani yenyewe ilikuwa imeponea chupuchupu mapema zaidi, mwaka 1991, ulipotokea mpango wa kujenga juu yake. Mjukuu wa Jeevanjee, Zarina Patel, alisimama mbele ya waliopinga, na mpango ukafa. Saa saba mchana wahubiri wawili walianza kushindana kwa sauti, kila mmoja na kona yake, huku watu waliolala kwenye nyasi wakijifunika magazeti usoni bila kujali wokovu unaotoka upande upi.

Siku ya pili nilikwenda Arboretum, bustani ya miti iliyo kando ya Ikulu, nami nilitumia muda mwingi kuliko nilivyopanga. Nilimkuta mzee mmoja akifyeka magugu chini ya mkaratusi mrefu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mama. Wewe umetoka Tanzania.”

“Umejuaje?”

“Hapa vijana hunisalimu ‘sasa’,” akacheka, kisha akaugonga mti kwa ubapa wa panga. “Huyu pia ni mgeni. Mwangalie anavyojivua ngozi.”

Gome lilikuwa likibanduka kwa vipande virefu vilivyojikunja kama karatasi iliyoloa ikakauka. Niliokota kimoja. Upande wa nje kilikuwa kikavu na chenye mikwaruzo, upande wa ndani laini, na nilipoponda majani machanga yaliyodondoka karibu yake, harufu yake ilikuwa ile ya dawa tuliyopakwa kifuani utotoni tulipobanwa na mafua. Mkaratusi asili yake ni Australia, na ulikuja hapa kwa kazi maalumu. Treni za wakati ule zilikuwa na injini za mvuke zilizokula kuni bila kushiba, na miti ya asili ya huku, ambayo mbao zake ni nzuri mno, hukua polepole. Hivyo mwaka 1907 eneo hili lilianzwa kama shamba la majaribio, ambamo miti ya nchi mbalimbali ilipandwa ili ionekane ni upi unaostahimili hali ya hewa ya Nairobi na kukua haraka. Leo ni hekta 30 hivi za vivuli. Wapenzi waliokuwa wakinong’ona kwenye mkeka, na wanakwaya waliokuwa wakifanya mazoezi chini ya miti, walikuwa wamestarehe ndani ya jaribio la kuni. Nilikuwa bado nalifurahia wazo hilo kima alipotua mezani, akachukua andazi langu la mwisho, akalila mbele yangu bila haraka.

Alasiri niliwahi City Park, ambako kipande cha msitu wa asili kimeachwa kisimame. Sikukaa sana, ila nilifika kwenye kaburi la Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, aliyezikwa karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, mwanasiasa aliyeuawa mwaka 1965.

Siku ya tatu niliiacha kwa ajili ya Uhuru Park, iliyofunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta tarehe 23 Mei 1969. Mtu aliyezoea bustani za maua atadhani hapa mtunzaji alikuwa mvivu, kwa kuwa sehemu kubwa ni mteremko wa nyasi mtupu. Lakini ukiketi juu ya mteremko huo unaelewa mara moja, maana umati mzima unaweza kukaa na kila mtu akaliona jukwaa lililo chini. Hapo ndipo Katiba mpya ilipotangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010. Mwaka 1989 chama tawala kilitaka kusimamisha hapa jengo la ghorofa 60 pamoja na sanamu kubwa ya Rais. Wangari Maathai, mwanaharakati wa mazingira, aliandika barua huku na huko kupinga, wabunge wakamdhihaki bungeni, lakini hatimaye wafadhili walijitoa na nyasi zikabaki. Mwaka 1992 alirudi hapa pamoja na akina mama waliogoma kula wakidai wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa waachiliwe. Polisi waliwavamia, naye akapigwa hadi akazimia. Kona ile inaitwa Freedom Corner, yaani Pembe ya Uhuru. Niliizunguka mara mbili.

Nilipokuwa naondoka, kijana mwenye kamera shingoni aliniita. “Mama, picha? Simama hapa, lile jumba la mikutano la KICC litatokea vizuri nyuma yako.” Nilimwomba anigeuze upande wa pili, nyuma yangu uonekane mteremko.

“Lakini huko hakuna kitu, mama.”

Nikamwambia apige hivyo hivyo.