Nimerudi, nikamkuta refa ndani ya Abbey Road

Wiki ya tatu tangu nirudi. Kwamba vitoto nilivyoviacha sasa vina ndevu, hilo nilishajiandaa nalo. Kilichonivuruga ni mdogo wangu, simu mkononi, anapiga Abbey Road, albamu ya Beatles, kwa kurukaruka: wimbo wa saba, Nirvana mbili, Queen moja, halafu anarudi kwenye wa pili. Nikamuuliza anasikiliza nini.

"Si zile nyimbo zako, kaka."

Nyimbo! Sisi tulisikiliza upande.

Wa enzi zetu mnaijua hesabu ya kanda ya dakika 90: 45 huku, 45 kule. The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, ya 1973, inaingia yote upande mmoja, kuanzia mapigo ya moyo ya mwanzo hadi yale ya mwisho, na utepe unabaki. Abbey Road ya 1969 haienei, inapita dakika 47. Basi kwenye kanda yangu Ringo anamaliza ngoma zake, magitaa matatu yanaanza kupokezana, tap! Kimya. Ujana wangu wote sikujua Beatles walimalizaje. Nilikuja kujua ughaibuni, niliponunua santuri: kumbe baada ya magitaa kuna piano, kuna kimya, halafu kiwimbo cha sekunde 23 ambacho nacho kimekatwa mkia. Leo nina santuri 60, zote nimerudi nazo, na ndiyo, najisifu.

Ila kipande nilichokililia huko hakimo kwenye santuri yoyote. Upande A wa Abbey Road unaishia na I Want You (She's So Heavy), karibu dakika 8: gitaa lilelile linazunguka, uvumi kama wa upepo unapanda mpaka unafunika kila kitu, halafu sauti inakatwa ghafla, Lennon ndiye aliyetaka hivyo. Sasa, aliyeninakilia alirekodi kwa kuweka redio kaseti mbele ya spika, na alipoinuka kugeuza santuri hakuisimamisha. Unasikia hatua zake. Anakohoa mara mbili. Sindano inakwaruza, ndipo linapoingia gitaa la Harrison, Here Comes the Sun. Kwenye simu ya mdogo wangu hakuna hata pumzi: giza limekatika, jua limeshatoka.

Nikaitafuta kanda. Ilikuwepo. Redio ikaanza kwa kuila. Nikauchomoa utepe polepole, nikauzungusha kwa kalamu ya Bic hadi ukarudi ndani. Nikakaa. Uvumi ukapanda, ukapanda, na kabla haujakatika, klak: mtangazaji wa mpira, pumzi juu, kona inapigwa. Harrison hajaingia, refa kashapuliza filimbi. Nilicheka. Nikaendelea kusikiliza hadi utepe ukaisha, labda kikohozi kimenusurika mahali, na huko mwishoni sikuwa nacheka.

Kwa mnaojiandaa kuondoka: kuvunja vile vijino vya mgongoni mwa kanda ili isirekodiwe tena hakusaidii kitu. Mimi nilivivunja kwa ncha ya kisu, mfutaji mwenyewe yupo anatazama. Akaziba tundu kwa karatasi, akabonyeza kurekodi.

Karatasi bado imo. Niliichokonoa kwa pini nikaikunjua. Ilichanwa kwenye jalada la kanda hiyohiyo, mwandiko wangu wa shule, wino wa bluu: USIFUTE.