Seti ya dakika tano na podikasti ya saa nzima: ninavyoziendesha moja isiile nyingine

Seti ni vichekesho unavyopanda navyo jukwaani peke yako na maiki. Dakika tano za jukwaani kwa Kiswahili, kwa mwendo wangu, ni maneno 450 hadi 550. Wanaoanza huandika 700 kwa kuiga video za Wamarekani, halafu taa ya kumaliza inawakuta hawajafika kwenye kichekesho chao kikali. Kiswahili kinabeba mtendaji, wakati na mtendwa ndani ya neno moja. "Nimemkuta" ni neno moja kwenye karatasi, lakini mdomoni linachukua muda wake. Ongeza na sekunde za kicheko. Katika seti inayokwenda vizuri kuna karibu dakika nzima ambayo siongei kabisa, nasubiri watu. Kicheko kikianza kushuka, kabla hakijaisha, ndipo naingiza mstari unaofuata. Ukiongea juu ya kicheko, unawafundisha watu kunyamaza ili wakusikie, na ukishawafundisha hawasahau.

Kwenye kuandika, ngeli ndiyo kazi ngumu, na hakuna mwongozo wa kigeni utakaokuambia hilo. Upatanisho huvujisha siri. Ukisema "lilikuja usiku", hadhira tayari inatafuta gari, jitu, zimwi. Ukisema "kilikuja", wameshaanza kukisia. Lakini ngeli ya a-wa inawachukua watu na wanyama pamoja, na hapo ndipo pa kujifichia: "Alikuja kwetu Alhamisi. Mama akamtafutia nafasi uani, akampa maji, watoto wakampenda, Ijumaa tukashinda naye vizuri tu. Jumamosi tukamchinja." Siri yote imekaa kwenye neno la mwisho, na hakuna kiambishi kilichoisaliti njiani. Vilevile Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke kwenye kitenzi: "Leo amenipigia mara kumi na mbili. Anataka kujua niko wapi, niko na nani, kwa nini sipokei. Kwa sababu ya laki mbili nilizomkopa." Watu wanamwona mpenzi mwenye wivu mpaka linapotua neno la mwisho, ndipo wanamwona mtu wa kausha damu.

Ukiwa na jicho la kukata, anza na "kumbe". Neno hilo linapiga honi kabla ya panchi, yaani neno linaloleta kicheko, kufika: hadhira ikisikia "kumbe" inajiandaa, na aliyejiandaa hacheki sana. Baada ya panchi pia kuna takataka za kufagia: "yaani", "unanielewa?", "si ndiyo jamani?". Zote hutoka mdomoni kwa woga wa kimya. Mimi huandika seti kwenye daftari nikiacha neno la panchi mwisho wa mstari kabisa, kisha napiga wino mwekundu chochote kilichobaki kulia kwake. Mkia, yaani panchi ndogo ya pili juu ya hadithi ileile, unaruhusiwa, kwa sharti ulete jambo jipya. Usije kuelezea la kwanza.

Utani wa makabila una kanuni zake na si bidhaa ya kuuza popote. Mchaga akimtania Mpare kuhusu ubahili, ukumbi wa Dar unacheka kwa sababu watu wanajua hao ni watani wa siku nyingi. Mstari uleule ukisemwa na mtu asiye mtani unakaribia tusi, na ukivuka nao mpaka kwenda Nairobi unakufa kabisa, kwa sababu pale Mpare hana sifa yoyote vichwani mwao. Basi ninapoandika huweka alama mbili pembeni: D kwa kinachobaki Dar, S kwa kinachosafiri. Mwendokasi ni D. Mama mkwe ni S. Daladala ni D, mpaka utakapoibadilisha kuwa matatu, na ukiibadilisha badilisha na kondakta wake, kwa maana tabia zao si sawa. Tusisahau pia kwamba hadhira yetu imelelewa na maigizo. King Majuto aliweza kuwamaliza watu kwa kuingia tu na uso wake, kabla hajasema neno. Wewe umesimama na maiki peke yake, kwa hiyo sekunde 20 za kwanza wanakungoja ufanye kituko. Panchi ya kwanza nahakikisha imeingia ndani ya sekunde hizo.

Openi maiki, yaani usiku ambao yeyote anaruhusiwa kupanda kujaribu vichekesho, naichukulia kama maabara. Simu naiweka katikati ya ukumbi, karibu na meza ya watu nisiowajua, ikiwa imezimwa mtandao ili mlio usiingie. Simu ya mfukoni hurekodi kitambaa, na masikio ya jukwaani yanadanganya, maana unasikia safu ya mbele ambayo mara nyingi ni wachekeshaji wenzako. Kesho yake nahesabu vicheko kwa kila dakika. Vikiwa vinne au zaidi, sehemu ile inabaki. Vikiwa viwili, naangalia mtego, yaani maelezo yanayoelekea kwenye panchi, una sentensi ngapi. Zikizidi tatu nakata moja na kurudi nayo wiki ijayo. Kichekesho kilichobuma mara tatu mbele ya watu tofauti kinatoka. Kubuma mara moja hakunishughulishi, pengine wahudumu walikuwa wanapitisha bili.

Maiki yenyewe: ishike kwenye mpini, usikifunike kichwa chake kwa kiganja kama warapa wanavyofanya. Maiki ya kawaida ya jukwaani, aina ya SM58, ina matundu nyuma ya wavu yanayoisaidia kukataa sauti ya nyuma. Ukiyaziba, inaanza kuokota spika na kupiga mluzi, halafu unamlaumu fundi bure. Na stendi ukishatoa maiki iweke nyuma yako. Ikibaki mbele inakukata katikati machoni pa watu usiku kucha.

Sasa podikasti. Kosa la wachekeshaji wengi ni kwenda kusimulia seti yao mbele ya maiki ya podikasti. Haifanyi kazi kwa namna mbili: bila ukumbi hakuna wa kukusaidia kubeba ukimya, na aliyekisikia kichekesho bure hatacheka akija na tiketi. Kwangu mambo yanakwenda upande mmoja tu. Mazungumzo ya podikasti huzaa malighafi, malighafi inaingia daftarini, daftari linapanda jukwaani. Hakuna kinachorudi nyuma. Napeleka hoja tatu na maswali manane, bila panchi hata moja iliyoandikwa. Wakati wa kuhariri naandika dakika na sekunde ya kila mahali mgeni alipocheka kweli, siyo kwa adabu. Kipindi cha saa moja kikinipa sehemu tatu za namna hiyo, nimeshiba.

Chumba kinakusumbua kuliko vifaa. Marc Maron, mchekeshaji wa Marekani, alianza podikasti yake mwaka 2009 na miaka mingi aliirekodia kwenye gereji ya nyumbani kwake Los Angeles, na mwaka 2015 Obama, akiwa bado rais, alimfuata hukohuko. Kwetu adui ni vigae na kuta tupu. Godoro moja limesimamishwa nyuma ya mgeni, blanketi zito mezani, kabati la nguo likiwa wazi. Mwangwi unapungua vya kutosha. Zima friji na uweke funguo zako juu yake, hutaondoka ukaisahau. Muda wangu ni baada ya saa tatu usiku siku za katikati ya wiki: adhana ya isha imepita, bajaji zimepungua, na hakuna sherehe mtaani. Mvua ikianza kwenye bati simamisha. Muungurumo wa feni unaweza kupunguzwa kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, kwa kuipa sekunde tano za chumba kitupu kama sampuli, ukishusha desibeli 6 hadi 12. Ukizidisha, sauti inakuwa ya mtu aliye ndani ya ndoo. Mvua haipungui hivyo, imetapakaa kila mahali na inabadilika kila sekunde.

Chagua maiki za dainamiki, moja kwa kila mtu, upana wa ngumi kutoka mdomoni. Kondensa, aina ya maiki iliyo nyeti zaidi, inakuletea mtaa mzima. Umbali kati ya maiki mbili uwe angalau mara tatu ya umbali wa mdomo na maiki yake, la sivyo kila mmoja anasikika kwenye maiki ya mwenzake na sauti inakuwa na ukakasi wa bomba. Geini, yaani nguvu ya sauti inayoingia kwenye kinasa, usiipange kwa kuongea. Mwambie mgeni acheke kwa nguvu, upange kwa kicheko, kilele kiishie kati ya desibeli hasi 12 na hasi 6. Podikasti nyingi za vichekesho zimepasuka mahali palepale pazuri, kwa sababu fundi alipima "moja mbili, moja mbili". Ile programu ya kufunga sauti ndogo nayo iache, inakata mikia ya vicheko na kuvifanya vya bandia.

Rekodi kwenye kinasa cha betri, kila maiki kwenye njia yake, na simu ikirekodi pembeni kama akiba. Umeme ukikatika kompyuta ikiwa katikati ya kurekodi, faili linaweza lisifunguke tena. Piga makofi mara moja mwanzoni ili upate pa kuoanisha kinasa na simu. Saa moja ya sauti hula kama saa nne za kuhariri. Mwisho weka kiwango kwenye hasi 16 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyoisikia, kilele kisipite hasi 1, vinginevyo msikilizaji aliye ndani ya daladala hakusikii. Toa MP3 ya mono: kwa 64 kbps saa moja ni kama MB 29, kwa 128 inafika 58, na msikilizaji wako ananunua bando kwa siku.

Kuhusu pesa sitarefusha. Jukwaa na podikasti ni tangazo. Mkate unatoka kwenye kusherehesha harusi na hafla za kampuni. Nusu ya malipo iingie kabla sijaondoka nyumbani, iliyobaki kabla sijashika maiki, na makubaliano yawe ya maandishi hata kama ni ujumbe wa simu: dakika ngapi, nani analeta spika, mada zipi zisiguswe. Uliza kama watu watakuwa wanakula. Anayetafuna hacheki, kwa hiyo omba kupanda baada ya sahani kuondolewa. Kwa Tanzania, msanii anajisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, na kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizoletwa mwaka 2018 chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zimebadilishwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo soma toleo linalotumika sasa kabla ya kufungua chaneli, usisome picha ya tangazo la zamani iliyosambazwa kwenye kundi.

Zimebaki klipu. Seti iliyoandikwa siitoi mpaka nimeamua kuiacha, kwa kawaida baada ya mwaka mmoja wa kuzunguka nayo. Za kila wiki nazitoa kwenye mabishano na watu wa safu ya mbele, ambayo kesho hayawezi kurudiwa hata ningetaka.