Nilivyomlea Chausiku, mjusi kafiri jike, hapa Kigoma

Naandika hii kwa wale wanaotaka kufuga mjusi kafiri, hasa jike, maana jike ana mambo yake na mimi nilikaribia kumpoteza wangu kwa sababu ya kukosa chokaa tu, yaani kalsiamu ya mwilini.

Ilikuwa Desemba, mvua zimekolea, nimepanga chumba hapa Mwanga na kwenye stoo ya nyumba kulikuwa na gundi ya panya. Asubuhi nakuta mjusi kanasa, tumbo lote na mguu mmoja wa nyuma. Nikimvuta naona ngozi inataka kuja nayo, ngozi yao nyembamba mno, nikaacha. Nikakumbuka gundi inalainika kwa mafuta na Kigoma mawese hayakosekani jikoni, basi nikachukua pamba nikawa napitisha kidogo kidogo pembeni ya tumbo, dakika kama 40 nimepiga magoti pale chini. Mkia ulikatika ukabaki kwenye gundi unachezacheza wenyewe, roho iliniuma sana ila mwenyewe akatoka mzima.

Nikamweka kwenye kontena la plastiki linaloonyesha, nimetoboa matundu kwa msumari wa moto. Usiku nikammulika na tochi kwa chini na ndo nikaona mayai mawili meupe tumboni, yanaonekana kabisa kupitia ngozi. Hapo nikajua ni jike. Ukikuta hana mayai angalia chini ya mapaja, dume ana mstari wa vitundu vidogo vidogo na mwanzo wa mkia umevimba pande mbili, jike hana. Nikampa jina Chausiku maana mchana kutwa amelala.

Shingoni alikuwa na uvimbe mweupe huku na huku, nikadhani majipu. Kumbe ni akiba ya chokaa, jike anaihifadhi pale kwa ajili ya maganda ya mayai, mimi sikujua nikawa nasubiri tu yapasuke. Baada ya siku 9 akataga juu ya plastiki tupu, yai moja limebonyea na lingine ganda lake laini, yote yakaharibika. Uvimbe wa shingo ukaisha kabisa, shingo ikawa bapa.

Wiki chache mbele naona tumboni kuna mayai mengine tena na yeye amenyong'onyea, akipanda ukuta wa kontena miguu ya mbele inatetemeka, mende namwekea hamgusi. Na mkia hana, na mafuta yake anayaweka mkiani, kwahiyo hana pa kuchota.

Wiki hiyo shangazi akaja kutoka Ujiji. Nimemwamkia shikamoo shangazi, akaitika marahaba macho yake yakiwa kwenye kontena. "Mwanangu, huyu si ndo alipuliza ule moto wa kumchoma Nabii Ibrahim, nawe unamfuga ndani?" Nikamwambia shangazi ana mayai na anaumwa, anatetemeka. Akakaa kimya, halafu akasema kuku wake wakianza kutaga mayai laini anawasagia maganda ya mayai. Hakusema zaidi ya hapo, na msimamo wake kuhusu mjusi hajabadili mpaka leo, mi namheshimu kwa hilo.

Nikachemsha maganda ya mayai ya kuku nikayakausha juani nikatwanga kwenye kinu mpaka yakawa unga kama poda. Nyenje namtia kwenye mfuko na unga kidogo natikisa anatoka mweupe, ndo nampa Chausiku. Siku mbili za kwanza hakula hivyo nikawa namdondoshea tone la maji lenye ule unga kwenye pua analilamba mwenyewe, usimfungue mdomo kwa nguvu utamvunja taya. Na asubuhi namtoa nje dakika 20 kwenye kikapu cha wavu, nusu kivuli nusu jua, maana jua linamsaidia mwili kutumia chokaa na likipita kwenye kioo halifanyi kazi hiyo. Ila usimwache juani ndani ya kontena lililofungwa, ataiva.

Kitu kingine alikuwa hana pa kutagia. Mjusi anataka mwanya, akikosa anayabana mayai. Nikaenda kuokota gome la mchikichi, lile la chini ya kuti, nikaliegemeza kona ya kontena.

Siku ya tano akala nyenje wawili mfululizo. Yale mayai alitaga nyuma ya gome, magumu kama kokoto. Sikuyageuza wala kuyasogeza, ukiyageuza kitoto kinakufa ndani, nikamhamisha mama badala yake maana wakubwa wanakula watoto. Siku ya 57 nikaona kitoto cha kwanza, kirefu kama nusu ya kidole changu kidogo, kimekaa juu ya ganda lake kinajilamba jicho. Hawana kope, jicho wanalisafisha kwa ulimi.

Mambo mengine ni ya kawaida. Maji narushia ukutani jioni analamba matone, bakulini hanywi. Mende wa nyumba iliyopigwa dawa usimpe kabisa. Msimu wa kumbikumbi mpe ila asishindie hao tu, wana mafuta mengi. Kiangazi weka kitambaa kibichi, la sivyo ngozi anayojivua inabaki kwenye vidole na kuvibana mpaka vinakatika. Nawa mikono kwa sabuni kila ukimshika, kinyesi chao kina vijidudu vya kuharisha, na kontena lisikae jikoni.

Sasa hivi mkia umeota upya, wa rangi moja tu bila yale madoa ya zamani na umenenepa. Jana usiku nimemmulika tena, uvimbe wa shingo umerudi pande zote mbili.