Siku moja maishani mwangu: kioo kinachobadilika usione

Saa 11 alfajiri

Simu inalia, naizima, inalia tena. Ninaishi Mbagala na maabara iko upande wa pili wa jiji. Nikichelewa kutoka kwa robo saa, ninafika nimechelewa saa nzima. Kuhusu safari yenyewe sina la kumwambia mtu wa Dar es Salaam ambalo halijui. Leo nimepata siti ya dirishani, na jua lilipopanda likanikalia shavuni hadi nashuka.

Hilo jua la shavuni ndilo kazi yangu. Ninatengeneza utando mwembamba wa kupaka kwenye kioo cha dirisha, unaopitisha joto la jua kukiwa na baridi na kulizuia kukiwa na joto. Watu huuliza, "Kwa hiyo dirisha linageuka rangi gani?" Kwa macho yako, ndugu yangu, karibu haligeuki. Hapo wengi hukata tamaa na kubadilisha mada.

Saa 1:40 asubuhi

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Pampu yako haijalala."

Fundi wetu hunitangulia kila siku. Pampu imefyonza hewa ya chemba, chombo kilichozibwa ambamo utando hutengenezwa, usiku kucha, na presha imeshuka hadi sehemu moja ya bilioni ya presha ya hewa ya nje. Ndani, tangu jana jioni, nimeweka vipande vinne vya kioo, kila kimoja saizi ya stempu kubwa. Nawasha hita. Lazima vifike nyuzi 450 za Selsiasi, na hita yetu haikimbizwi.

Tunachotafuta ni oksidi ya vanadi, ile yenye atomi mbili za oksijeni kwa kila moja ya vanadi. Mwaka 1959 F. J. Morin, akiwa katika maabara za Bell huko Marekani, aliripoti kwamba oksidi za namna hii hugeuka tabia ghafla zikifika joto fulani. Hii yetu hugeuka kwenye nyuzi 68. Chini ya hapo elektroni zake zimebanwa, na miale ya infraredi, ile ya joto isiyoonekana kwa macho, inapita. Juu ya hapo fuwele inajipanga upya, elektroni zinaachiwa, utando unakuwa kama chuma na kuirudisha miale ile ilikotoka. Mwanga wa kuonea unaendelea kupita karibu vilevile. Na kwa kuwa karibu nusu ya nishati ya jua inakuja kama infraredi, kuna mengi ya kuokoa hapo.

Shida unaiona: dirisha la nani linafika nyuzi 68?

Saa 4 asubuhi

Gesi ya agoni inaingia chembani, nawasha umeme wa bamba la vanadi, na plazima, yaani gesi iliyopata umeme, inawaka zambarau. Sijawahi kuichoka rangi hiyo. Ayoni za agoni, yaani atomi zilizopata chaji, zinalipiga bamba, vanadi inang'oka, inakutana na oksijeni kidogo na kutua kwenye kioo. Juu ya bamba nimeweka vipande vidogo vya magnesi na tangsteni, vya kuzishusha zile nyuzi 68.

Hapo kwenye "oksijeni kidogo" ndipo watu wanapozeekea. Ikipungua unapata oksidi nyeusi isiyo na faida kwangu, ikizidi unapata ya njano. Tunayoitaka iko katikati, kwenye njia nyembamba kama tuta la mpunga. Nafungua daftari, nasoma kiwango cha juzi, sentimita za ujazo 4.7 kwa dakika, naseti, nafungua pazia la chuma lililofunika vioo. Dakika kumi na nane baadaye ninazima.

Sasa ni kusubiri vipoe.

Saa 7 mchana

Wali maharage na mchicha. Mama lishe wetu ameshanisikia nikieleza kazi hii mara nyingi kuliko kamati yoyote.

"Mwanangu, kwani pazia limekosa nini?"

Swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa kwenye semina. Nikamwambia pazia linalipokea joto likiwa limeshaingia ndani, halafu linakaa nalo chumbani. Mimi nataka libaki nje. Akafikiri kidogo. "Haya. Na hapa Dar hiyo baridi ya kulifungulia joto mlango inatoka wapi?"

Haitoki popote, na sijifichi kwenye hilo. Kwa Dar kioo kinachozuia infraredi mwaka mzima kinatosha, na kipo sokoni. Mimi kwetu ni Njombe. Mwezi wa saba mama yangu anakaa na mtandio na sweta hadi saa nne, anafuata jua kutoka kiti hadi kiti kama paka, na mwezi wa kumi na moja chumba hichohicho kinamchemsha kila mchana. Dirisha lake ndilo ninalolifikiria.

Saa 8 mchana

Chemba imepoa, nafungua. Njano. Vinne vyote, njano kama manjano ya pilau.

Nikarudi kwenye daftari. Haikuwa 4.7, ilikuwa 4.1. Moja yangu ina kofia na saba yangu haina mstari, mwandiko niliotoka nao shule ya msingi. Mdogo wangu wa mwaka wa kwanza alikuwa pembeni, akajikaza asicheke, akashindwa.

Ili kubadilisha mazungumzo akauliza, "Dada, kwa nini tusifanye kama yale madirisha ya ndege ya Boeing 787, unabonyeza kitufe yanakuwa meusi?" Hiyo ni njia nyingine kabisa, na huko rangi inageuka ukiiona. Katika familia hiyo maarufu zaidi ni oksidi ya tangsteni: umeme mdogo unasukuma ayoni za lithi ziingie ndani yake, inakuwa buluu, ukigeuza umeme inarudi. Claes-Göran Granqvist wa Uppsala, Uswidi, ameifanyia kazi miaka mingi. Ni nzuri, ila inataka tabaka nyingi, nyaya na kidhibiti. Yangu haina waya. Umeme ukikatika, feni inasimama lakini kioo kinaendelea.

Saa 9:30 alasiri

Nisirudi mikono mitupu, napima kioo cha juzi kwenye spektrofotometa, mashine inayopima ni mwanga kiasi gani unapita. Mwaka 2009 watafiti Mlyuka, Niklasson na Granqvist walionyesha kwamba kila asilimia moja ya atomi za magnesi inashusha joto la kugeuka kwa takriban nyuzi 3, na juu yake kioo kinakuwa angavu zaidi. Tangsteni inashusha kwa nguvu zaidi, nyuzi ishirini na kitu kwa asilimia moja, lakini inaufifisha ule mgeuko wenyewe. Wengi wanakimbilia tangsteni. Mimi naanza na magnesi, kwa sababu utando huu una uhudhurungi wa chai iliyochacha na hakuna atakayekubali kuishi nyuma yake.

Kwenye nyuzi 25, infraredi ya nanomita 2,500 inapita kwa asilimia 61. Napandisha joto taratibu. Thelathini, kimya. Thelathini na tano, mstari unaanza kuinama. Arobaini na moja, unaporomoka. Kwenye nyuzi 60 imebaki asilimia 14. Nilikiangalia kioo chenyewe muda wote huo: kilekile, hudhurungi ileile, hakikuonyesha chochote.

Arobaini na moja si ishirini na tano ninayoitafuta. Lakini mwezi uliopita nilikuwa kwenye arobaini na tisa.

Saa 12 jioni

Dokta anayenisimamia akapita, akaviona vile vya njano juu ya meza. Nikamweleza habari ya kofia ya moja.

"Usivitupe," akasema. "Vipike tena kwenye ombwe, nyuzi mia tano, oksijeni ya ziada itatoka. Huenda ukapata kitu."

Nimevirudisha chembani, nimefunga, nimewasha pampu. Kwenye daftari nimeandika 4.1 upya, moja ikiwa mstari mtupu kama fito. Fundi kachukua funguo, ananisubiri mlangoni.