Chumba kwanza: tulivyomtoa Kamanda kwenye kibaraza cha Mwaloni

Wastaafu wenzangu wa jeshi, tukizungumzia wazee wetu waliokwama, huwa tunaanza na pensheni. Nani ana haki, nani hana, faili lilipotelea wapi. Mimi nimefika mahali pa kuamini kwamba kwa mzee anayelala nje, pensheni si pa kuanzia. Pa kuanzia ni chumba. Naeleza nilivyofika hapo kwa sababu wazee wa aina hiyo bado wapo Mwanza na miji mingine ya ziwani, na wapo watu wenye moyo wa kuwasaidia ila hawajui washike wapi.

Nilistaafu nikiwa sajenti. Nina duka dogo la nyuzi, nyavu na maboya Kirumba, kwa hiyo soko la samaki la Mwaloni nipo karibu kila siku. Pale sokoni kulikuwa na mzee ambaye vijana wa mikokoteni walimwita Kamanda. Mchana alishona nyavu za watu, usiku alilala kwenye kibaraza cha stoo ya dagaa, juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, mgongo kaegemeza ukutani. Sikuwahi kumwona amelala chali. Wengi walidhani jina lile ni utani wa sokoni. Siku moja nikamsikia akimtajia mlinzi namba yake ya jeshi, kuanzia MT mpaka tarakimu ya mwisho, bila kusita, kwa ile sauti ambayo mtu huitoa akiwa mbele ya ofisa. Namba haitajwi vile na mtu aliyeiokota njiani. Nikamsogelea.

"Shikamoo, afande."

Akanitazama viatu kwanza, ndipo akapandisha macho usoni. "Marahaba. Wa kikosi gani, kijana?"

Habari zake alizitoa kidogo kidogo. Ni mwenyeji wa Magu, alikuwa mgambo kijijini, na majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978 na daraja la Kyaka likavunjwa, alikuwa miongoni mwa walioitwa. Akapita Mutukula, akapita Masaka, na Machi 1979 alikuwa Lukaya, ndani ya Uganda, kwenye ile barabara inayokatiza kinamasi. Akifika Lukaya hadithi yake hukatika, na mimi sikuwahi kumsukuma aendelee. Vita vilipokwisha alibaki jeshini miaka michache, akaachishwa kabla hajatimiza muda wa kulipwa pensheni ya kila mwezi. Mke alitangulia mbele ya haki, shamba la ukoo likauzwa yeye hayupo, watoto wakatawanyika. Akafuata ziwa, kama wengi wanavyofuata ziwa.

Nilianza kwa kumtafutia matibabu, maana paja lenye kovu la vita lilikuwa limevimba. Hapo ndipo nilipoona kazi ilivyo. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anastahili kutibiwa bila malipo, na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 imelisema hilo. Lakini kitambulisho cha matibabu ya wazee hutoka halmashauri kupitia ustawi wa jamii, na majina huanzia mtaani. Kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA, nacho fomu yake hupita serikali ya mtaa. TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, husajili kwa awamu, na kaya zinatambuliwa kwenye mkutano wa mtaa. Kila mlango niliobisha niliulizwa swali lile lile: anakaa wapi? Mwenyekiti mmoja wa mtaa alinijibu kwa upole kabisa, "Mzee wangu, nikigonga mhuri hapa kwamba huyu ni mkazi wangu, nitakuwa nimesema uongo." Alisema kweli. Kibaraza hakina mjumbe, hakina jirani wa kushuhudia, hakina namba ya nyumba. Mtu anayelala kibarazani, kwa karatasi, hayupo.

Nikaacha kufukuzia mihuri, nikaanza kufukuzia chumba.

Anayeijua Mwanza atanielewa. Vyumba vya bei nafuu viko juu mlimani, katikati ya mawe, Mabatini na Bugarika huko, ambako ngazi ni jiwe lenyewe na maji unapanda nayo kwa ndoo. Mzee mwenye mguu mbovu ukimpandisha kule umemfunga. Akishuka asubuhi hapandi tena mpaka ashikwe mkono. Ukirudi bondeni, vyumba rahisi viko jirani na mto Mirongo, na mvua zikikolea mto unaingia ndani bila hodi. Dalali alinizungusha sana kati ya mlima na bonde. Mwisho nikapata Buhongwa, mbali na sokoni lakini tambarare, choo uani karibu na mlango, elfu thelathini na tano kwa mwezi. Kwa mzee, hesabu hatua za kwenda chooni kabla hujauliza kodi.

Mama mwenye nyumba alisikiliza yote, kisha akasema kile ambacho wenye nyumba wengi hukificha kwa kukuambia tu kwamba chumba kimeshachukuliwa.

"Baba, mimi sina ubaya na babu. Lakini akinifia humu ndani, namzika mimi?"

Hofu hiyo si ya roho mbaya. Mzee asiye na ndugu akifariki chumbani kwako, polisi wanakuja kwako, msiba unakuwa wako, gharama zako. Nikamwambia alete daftari. Tukaandika jina langu na majina ya wastaafu wenzangu wawili kama ndugu wa mzee, na namba zetu za simu, kwamba akiugua tunaitwa sisi na akifariki tunazika sisi. Tukatia sahihi mbele ya mjumbe. Ukurasa ule mmoja wa daftari ulifanya kazi kuliko barua zote nilizokuwa nimebeba kwenye bahasha. Ningeshauri yeyote anayempangishia mzee wa namna hii aandike hilo mapema, asisubiri kuulizwa.

Akauliza pia mzee alipigana wapi. Nilipomtajia, akasema yeye alikuwa mtoto wa Igogo siku ile ya Machi 1979, ndege ya Libya ilipotumwa kuipiga Mwanza ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama. Mama yake aliwasukumia wote chini ya kitanda, na yeye alibaki huko mpaka giza. Alikuwa ametaka kodi ya miezi sita; akakubali mitatu.

Fedha ilitoka kwenye kundi letu la wastaafu la simu. Niliwaandikia wazi: elfu tano tano kila mwezi, si harambee ya siku moja. Harambee ya siku moja inanunua godoro na picha ya kumbukumbu. Baada ya miezi mitatu mzee anarudi nje. Kina mama wauza dagaa wakatoa ndoo, sufuria na chandarua. Kuna mwenzetu aliyepinga, akisema mzee aache gongo kwanza ndipo apewe chumba. Nilimwelewa, ila nilikataa. Mtu anayelala kwenye upepo wa ziwa usiku kucha, huku amekaa kwa hofu, utamnyang'anya gongo umpe nini badala yake?

Baadaye mwanangu alinisomea jinsi Marekani wanavyofanya kwa wastaafu wao wa jeshi wasio na makazi. Wana mpango uitwao HUD-VASH, ulioanza mwaka 1992 na kupanuliwa sana mwaka 2008: wizara ya nyumba inasaidia kulipa pango, wizara ya wanajeshi wastaafu inatoa mtu wa kumfuatilia, na mwenyewe anachangia kama asilimia 30 ya kipato chake. Hawamwambii mtu apone kwanza ndipo apate ufunguo. Mwaka 2010 walihesabu wastaafu wa jeshi zaidi ya 74,000 wasio na makazi. Hesabu ya Januari 2024 ilikuta 32,882. Nchi yao na yetu hazifanani, na sisi hatuna mpango wa serikali wa kulipia pango. Lakini nilifurahi kuona mpangilio ni ule ule tulioufikia Buhongwa kwa kugonga mwamba: ufunguo, mtu wa kumfuatilia, kisha mengine.

Na mengine yalikuja. Mjumbe alimwandika, mwenyekiti wa mtaa akatoa barua, mtendaji wa kata akagonga mhuri. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho, tukaapa kiapo. Kitambulisho cha matibabu kilipotoka tulikwenda hospitali ya Sekou Toure, tukapanga dirisha la wazee, na mguu ukashughulikiwa. Kwa daktari nilimwomba Kamanda aseme habari za usiku. Akakataa. Nikamwomba ruhusa niseme mimi, akaitikia kwa kichwa. Nikasema anavyoweweseka, anavyoamka akitafuta silaha, anavyolala kwa kukaa. Tukaelekezwa kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya Bugando, na sasa anakwenda kwa tarehe zake. Dawa zimempa usingizi, ingawa hazijafuta kila kitu. Fataki za mwaka mpya tulikaa naye ndani, redio ikiwa juu, mpaka zikaisha. Hilo ni jambo ambalo familia nyingi za askari wa zamani hazisemi, zinadhani baba ni mkali tu au amelogwa. Mwambieni daktari. Msiposema, atatibiwa mguu peke yake.

Gongo imepungua, haijaisha. Nyavu anashona bado. Kijana wa bodaboda anamletea kwenye gunia, anashonea uani kwake, na kile anachopata kinalipia mkaa na mboga. Hilo nalo lina uzito. Askari wa zamani ukimlisha bure kila siku anaanza kukukwepa. Mpe kazi inayomtosha mkono wake, utamkuta mlangoni anakusubiri.

Watu wengi wameniuliza kwa nini hatukumpeleka Bukumbi, kwenye makazi ya wazee ya serikali kule Misungwi, njia ya Kigongo. Tulikwenda naye, akaona mwenyewe. Yale ni makazi ya wazee wasio na ndugu na wasiojiweza, na nashukuru yapo. Mzee ambaye hawezi tena kujipikia wala kujiogesha, na hana wa kumtazama, pale ndipo pake, na hakuna aibu yoyote. Kamanda bado anajipikia ugali wake na anataka kufunga mlango wake mwenyewe. Tumekubaliana kwamba siku nguvu zikiisha tutaliongea tena.

Suala la haki zake za jeshi hatujaliacha. Namba yake, mwaka wa kuingia na wa kutoka tumeviandika, na barua imekwenda ofisi inayohusika. Hatujapata jibu. Tofauti ni kwamba sasa tunasubiri akiwa ndani, na barua ikijibiwa ina anuani ya kufikia. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, alivaa koti aliloazimwa na mwenzetu, akasimama wima muda wote wa kimya, nami nilisimama nyuma yake.

Kwa sasa tumeambiwa habari za mgambo wa zamani aliyeko Nansio, Ukerewe, analala kwenye banda la mashine ya kusaga. Vyumba vya huko vina unafuu kuliko mjini, na kundi limeshakubali kuongeza mchango. Kinachokosekana ni mtu wa kumfuatilia: kumtembelea mara moja kwa wiki, kumjulisha kwa mjumbe, kukaa naye foleni ya zahanati. Kama uko Ukerewe na unaweza kuibeba hiyo sehemu, kodi tutaibeba sisi.