Detekta ilikuwa inalia kila mahali, hivi ndivyo nilivyoituliza

Wandugu, miezi miwili nzima detekta yetu, ile mashini ya kutafuta metali chini ya udongo, ilitutesa. Tuko watatu, tunatafuta vitu vya zamani kwenye shamba la mjomba nje ya Lubumbashi, mwenyewe alituruhusu, na kila ukitembeza sahani (ile duara ya chini ya detekta) kidogo tu inalia, unachimba, unakuta mawe mekundu. Yaya, mkubwa wangu, akasema mashini imekufa.

Haikukufa. Udongo wetu huku ni mwekundu kwa sababu ya chuma iliyo ndani yake, na detekta inaisikia hiyo chuma. Njo nikatafuta kipande safi pasipo na metali, nikaingia kwenye menyu ya kusawazisha udongo, yaani kuizoesha detekta udongo wa pale, nikapandisha na kushusha sahani, toka karibu na chini mpaka kama sentimita 30, tena na tena hadi sauti ikatulia. Halafu nikapunguza sensitiviti, yaani ukali wa kusikia kwake, sisi tuliiweka juu mwisho tukidhani itaona mbali, kumbe kwa udongo kama huu inaongeza kelele tu. Tukihama sehemu tunasawazisha upya. Na sahani ndogo ni bora, maana inasoma udongo kidogo.

Jumamosi, karibu na kichuguu, sauti moja safi kabisa. Santimu 10 ya Kongo ya Wabelgiji, 1911, ile ya tundu katikati! Mji wenyewe ulianza 1910 ukiitwa Élisabethville, fikirieni. Nikaishika muda mrefu bila kusema neno. Tukapima kina, tukapiga picha, hatukuisugua, kusugua kunaiharibu. Siku tukigusa msalaba wa shaba, ile pesa ya zamani ya wazee wetu, tutaacha kuchimba hapo hapo na kwenda kuwaambia watu wa makumbusho.